Mfaransa wa Matangazo ya Vifo

Nyumbani kwetu Uru tulilelewa na baba, mama, na Mfaransa mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama alikuwa na ng'ombe wake, na Mfaransa alikuwa kwenye santuri. Makazi yake yalikuwa sebuleni, juu ya kabati la vyombo, ndani ya jalada lililochanika pembeni. Kwenye picha ya jalada alivaa suti nyeupe na kushika kijiti chembamba mbele ya watu wengi wenye fidla. Sisi watoto tulikatazwa kumgusa. Ndani ya kabati kulikuwa na vikombe vya wageni, navyo tulikatazwa kuvigusa, kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba Mfaransa na vikombe ni ukoo mmoja.

Baba alimpata kwa padri wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao baada ya miaka mingi parokiani. Padri aligawa vitu vyake kabla ya kuondoka: baiskeli kwa katekista, koti la mvua kwa mpishi, viatu kwa yeyote ambaye mguu wake ungeenea. Baba, kwa kuwa alifundisha kwaya, akapewa gramafoni ya betri na santuri moja. Wenzake walimpa pole. Yeye aliteremka nayo nyumbani kifua mbele, akasema amechagua fungu lililo jema, wala hataondolewa.

Maelezo yote nyuma ya jalada yalikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa chote cha parokia kilikuwa kimeshapanda ndege na padri. Baba hakukata tamaa. Alichukua maneno yaliyofanana kidogo na ya Kiingereza, akayaunga na picha, palipobaki pengo akapajaza kwa akili yake, mwisho akapata maisha kamili ya mtu. Kwa mujibu wa baba, Mfaransa alianza piano kabla meno yake ya utoto hayajang'oka. Alipokua aliongoza okestra kwenye kumbi za dansi, ambako watu wazima walicheza wameshikana viuno bila aibu. Alipochoka na viuno akageukia sinema, akawa anatunga muziki wa filamu. Baba hakumwita kwa jina. Alimwita Maestro, kwa sauti ile ile aliyotumia kusema Askofu.

Upande wa kwanza wa santuri ulikuwa wa dansi. Upande wa pili ulikuwa wa filamu, nyimbo sita za filamu sita. Baba hakuwa ameona hata moja, na hilo halikumzuia kutusimulia zote. Jumapili baada ya misa, tukiwa mezani, aliweka sindano na kuinua kidole.

"Hapo," anasema, "mwanamume amefika stesheni na treni imeanza kuondoka."

Fidla zinapanda, na baba naye anapanda. "Anakimbia! Mwanamke yuko dirishani! Anakimbia!" Sisi mtori wetu wa ndizi unapoa, vijiko viko hewani.

Shida ni kwamba filamu zile zilifuata dhambi zetu. Wiki niliyofeli hesabu, yule mwanamume alikosa treni kwa sababu hakuweza kusoma saa. Wiki ambayo kaka yangu aliacha mbuzi akala miche ya kahawa, mwanamume yule yule, kwa fidla zile zile, alikosa treni kwa sababu alikuwa anatafuta mbuzi.

"Ufaransa kuna mbuzi?" kaka aliuliza.

"Mbuzi wako kila mahali," baba akajibu, "na wazembe pia."

Mama hakuwepo kwenye sinema hizi. Sindano ilipogusa upande wa pili tu, alitundika mwiko, akafunga kanga vizuri na kwenda kwa ng'ombe. Wimbo ukiisha tunamwona anarudi. Ng'ombe wetu, ambao kama wengi wa kule mlimani hufungwa bandani na kuletewa majani, walinenepa sana kwa muziki, maana kila filamu ilikuwa mzigo mwingine wa majani kwao. Sisi watoto tulijadiliana sana jambo hili. Kaka alisema mama anamwonea wivu yule mwanamke wa kwenye treni. Mimi nilisema mama hana sikio la muziki, na nikamhurumia kwa kiburi, kama watoto wanavyohurumia wakubwa. Hakuna aliyefikiria kumuuliza.

Wimbo wenyewe wa treni, wa tatu upande wa pili, ulikuwa na balaa lake. Vijana wa leo hawajui, kwa hiyo nitaeleza. Zamani mtu akifariki, ndugu waliandika tangazo na kulipeleka redioni. Saa saba mchana, kabla ya matangazo hayo kusomwa, redio ilipiga kipande cha okestra, cha taratibu, chenye fidla zinazolia. Mimi siwezi kuapa kwamba ulikuwa wimbo wetu. Kama si wenyewe basi ni pacha wake, wamenyonya ziwa moja. Wimbo ukianza, jembe lilisimama hewani, na mtoto aliyepiga kelele alipigwa kofi kwanza, sababu akaambiwa baadaye. Kisha sauti nzito: Bwana fulani wa Uru, Moshi, anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi. Mazishi yatafanyika kesho. Habari ziwafikie fulani wa Arusha, fulani wa Rombo, fulani wa Dar es Salaam, popote walipo.

Kwa hiyo kwao Mfaransa alikuwa mtunzi wa filamu na dansi, na kwetu alikuwa mtangaza vifo. Hakuomba kazi hiyo, lakini aliifanya vizuri.

Siku moja ya likizo baba aliweka gramafoni dirishani ili amsikilize Maestro akiwa anapalilia. Alipofika kwenye wimbo wa tatu, migomba ikaanza kutoa watu. Walitangulia akina mama wawili, kanga viunoni, mmoja na kibuyu cha maziwa, mwingine na mkungu wa ndizi kichwani, nyuso tayari zimekunjwa kwa kilio. Nyuma yao akaja jirani mwanamume na sepetu begani.

"Pole sana, Mwalimu," alisema. "Nichimbe wapi?"

Mtu mwingine angesema ukweli. Baba alikuwa na heshima ya kulinda, na jirani alikuwa amekuja na sepetu. Alitazama huku na huku, akaonyesha mahali karibu na choo, na jirani akachimba shimo zuri kabisa huku akipangusa machozi. Ikabidi mama atoke bandani na kuwaambia, "Hajafa mtu, jamani. Ni Mwalimu anasikiliza muziki wake." Alipokea maziwa, akashukuru, akarudi kwa ng'ombe. Shimoni ukapandwa mgomba. Upo mpaka leo, na hakuna unaozaa kuliko ule.

Sasa mimi ni mtu mzima na ninakaa Majengo, mjini Moshi, nyuma ya fundi cherehani. Nina chumba kimoja cha kulala na kimoja cha spika. Nakodisha vyombo vya muziki kwa harusi, kipaimara, mahafali na misiba, na ninaviendesha mwenyewe, mwanamke na miksa yangu ya kupanga sauti, na anayeshangaa namwacha ashangae. Mwaka huu wazazi wangu walitimiza miaka hamsini ya ndoa. Tukakubaliana kufanya jubilei, misa na sherehe kihambani, yaani pale pale shambani nyumbani, kwenye migomba na kahawa. Baba akanipigia simu.

"Kamati iamue keki," alisema. "Iamue na sare. Mimi nataka kitu kimoja tu. Nataka kucheza na mama yako wimbo wa tatu, upande wa pili."

"Baba, kila mtu ataangua kilio."

"Walie. Mimi sijawahi kucheza na mke wangu."

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Siku ya harusi yao muziki ulikuwa kwaya tu, na mwalimu wa kwaya alikuwa bwana harusi mwenyewe. Aliongoza kila wimbo, na wakati wote huo bibi harusi alikuwa amekaa nyuma yake. "Nilimpa mgongo toka mwanzo mpaka mwisho," alisema. "Na sasa goti la kulia limeshastaafu. La kushoto linaaga. Mwakani nitacheza na nini?"

Nilipanda Uru Jumamosi iliyofuata. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nilimwamkia shikamoo, nikachukua kisu, nikakaa naye.

"Baba anataka mcheze siku ya jubilei."

"Tutacheza."

"Wimbo wa Maestro. Ule wa tatu."

Ganda la ndizi likatua kwenye beseni. "Huo mtanikuta kwa ng'ombe."

"Na gauni la dhahabu la sherehe?"

"Ng'ombe hajali gauni."

Mimi sina subira, sijui nilirithi kwa nani, maana wote wawili wanayo mpaka inakera. Nikaweka kisu chini. "Mama, mtu hawezi kukimbia fidla maisha yake yote bila sababu. Fidla zimekukosea nini?"

"Fidla hazijanikosea," alisema. "Ni baba yako."

Ndipo akanisimulia. Baba yake, babu yetu wa Kirua Vunjo, alifariki mwaka wa pili wa ndoa yao. Kaka zake mama hawakuwa watu wa kalamu, na mkwe alikuwa mwalimu, kwa hiyo tangazo la redio likawa kazi ya mkwe. Baba aliandika ukurasa mzima kwa mwandiko wa ubaoni, akashuka Moshi kulituma. Kesho yake saa saba wafiwa wote walikaa msibani wameizunguka redio. Wimbo ukalia. Mama akanisomea tangazo lote kwa kichwa, kwa sauti ya mtangazaji, kisu mkononi kama kipaza sauti. Habari ziwafikie kaka wa Dar es Salaam. Dada wa Arusha. Shangazi wa Rombo. Ndugu mmoja wa Tanga ambaye ukoo ulimjua kwa picha tu. Bwana shamba aliyewahi kumpa marehemu miche ya kahawa.

"Hata bwana shamba," mama alisema. "Mimi sikuwemo."

"Wewe? Si ndiye mtoto wa kwanza?"

"Wa kwanza. Nimekaa pale kwenye mkeka, watu wote wananiangalia. Shangazi yangu mwingine akainama sikioni kwangu akaniuliza, 'Kwani baba yako alikukana lini?'"

Alisema hivyo bila kulia, na mimi ndiye niliyelia, nikasingizia moshi wa kuni. Niliumia kweli. Nikamuuliza kama aliwahi kumwambia baba.

"Mwalimu ni yeye. Kazi yake kuona makosa. Nikamwachia asahihishe."

"Miaka arobaini na minane?"

"Ni daftari moja tu," alisema mama, akachukua ndizi nyingine.

Nikatoka mbio kwenda kwa baba, ambaye alikuwa kwenye benchi la nje anajisugua goti kwa dawa. Nilimuuliza kwa nini hakumtaja mama kwenye tangazo la babu. Uso wake ukachangamka, kama mwanafunzi aliyepewa swali alilolisoma jana.

"Kwa sababu alikuwepo. Tangazo ni la walio mbali. Mama yako alikuwa amekaa pale pale, anajua kila kitu. Huwezi kuipelekea barua nyumba uliyomo."

"Na yule wa Tanga?"

"Wa Tanga alikuwa Tanga," alisema baba, akashangaa ninavyouliza.

Nilimwambia kwamba katika watu wote wenye vyeti niliowahi kukutana nao, yeye ndiye mjinga kuliko wote, kisha nikakumbuka ni baba yangu nikaomba radhi, kisha nikakumbuka mama nikaifuta radhi. Nikaondoka na kirikuu changu cha kubebea spika kwa hasira mpaka nikasahau ndizi nilizofungiwa.

Lakini kazi ni kazi. Santuri ilikuwa imechunwa na miaka, inakwaruza kama kuku anayetafuta mchwa, na jubilei ilihitaji wimbo safi. Nikamtafuta Mfaransa kwenye mtandao kwa picha ya jalada, na baada ya kuhangaika kutwa nzima nikampata, yeye na maisha yake yote. Alikuwepo kijana mwenye nywele nyingi, akawepo mzee mwenye nywele chache, suti ile ile nyeupe. Piano ya utotoni ilikuwa kweli. Kumbi za dansi zilikuwa kweli. Filamu zilikuwa kweli pia, ila ile ya wimbo wa tatu haikuwa na stesheni wala treni. Ilikuwa ya kuchekesha, ya mwoka mikate mnene anayemkimbiza bata wake. Mwisho wa ukurasa paliandikwa kwamba mtunzi alishafariki, tena miaka mingi iliyopita.

Jumamosi nilimpelekea baba habari hizo. Ya bata aliipokea kiume. Alifumba macho, akaupitisha wimbo kichwani. "Bata," alisema. "Inawezekana. Kukimbia nilikupata, nilikosea mkimbizwaji tu." Ndipo nikamwambia ya pili.

Baba akavua kofia. "Lini?"

"Zamani sana, Baba."

"Na mimi sikuambiwa?"

"Ungeambiwa na nani?"

"Watu wake! Nimemweka kabatini karibu miaka hamsini. Kila Jumapili namweka sindano. Wamekaa huko wakaandika tangazo lao, wakataja huyu na huyu, na hakuna hata mmoja aliyesema, na yule mwalimu wa Uru." Alikuwa anaikamua kofia kama nguo iliyolowa. Sikuwahi kumwona hivyo hata kwenye msiba wa mtu aliyemjua.

"Lakini sasa umeshajua," nilisema. "Umejua leo."

"Kujua si hoja! Hoja ni kutajwa!"

Aligeuka polepole kutazama jikoni, ambako moshi ulikuwa unatoka na mama anamgombeza paka.

"Arobaini na minane," alisema baba.

Alichukua panga akaenda kwenye mpaka wa kihamba, kwenye mstari wa mimea ya masale. Kwetu sale ndio mpaka wa shamba na ndiyo samahani. Mtu akikukosea hata kosa la kumwaga damu, akikutumia jani la sale kwa mkono wa mtu mwingine, huwezi kumkatalia. Baba alikata moja refu, la kijani, akalipangusa kwa shati lake na kunikabidhi mimi. Kutoka benchini hadi jikoni ni hatua kama thelathini. Nilizitembea kwa mikono miwili mbele, kama napeleka vipaji altareni, na kuku wakanipisha.

Mama alifuta mikono kwenye kanga, akalipokea. Alilitazama pande zote mbili.

"Mwambie nimelipokea," alisema. "Ila kosa lilitangazwa nchi nzima. Samahani haiwezi kuletwa jikoni."

Akatoa kikombe kimoja cha wageni, akakitia maji, akalisimamisha sale ndani yake, akaliweka dirishani. Nikarudisha majibu. Baba alitikisa kichwa kukubali, bila ubishi, jambo ambalo pia sikuwahi kuliona, akaniambia nimletee karatasi.

Siku ya jubilei kulikuwa na jua, na mlima ulikuwa umejitokeza wote na theluji yake, kama umealikwa. Misa ikaisha vizuri. Kihambani turubai lilijaa watu wa Uru na ndugu wa mama kutoka Kirua Vunjo, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, akaletwa amesimama mezani na majani mdomoni. Mama alivaa gauni la dhahabu na kushika mkoba mdogo ambao hakuuweka chini hata alipokata keki. Mimi nilikuwa kwenye miksa yangu pembeni. Sikuwa na uhakika hata kidogo kama mama atabaki kwenye kiti, na banda la ng'ombe lilikuwa hatua chache tu nyuma yake.

Mshereheshaji akamkaribisha baba. Baba akasimama kwa goti la kushoto, akatoa karatasi mfukoni, akanipa ishara. Nikabonyeza.

Fidla zilipoanza kulia, turubai zima lilikufa ganzi. Wazee waliinuka mmoja mmoja na kuvua kofia. Akina mama wakaweka mikono vichwani. Mpishi akasimama na upawa wa pilau hewani. Bibi mmoja wa Kirua Vunjo akaanza, "Uwiii," bado hajajua anamlilia nani, na nyuma yangu mzee akamnong'oneza mwenzake, "Jamani, na ndafu tumeshaanza kumla?" Vijana walitazamana, simu juu, hawaelewi kitu.

Mama alikuwa amenyanyuka nusu. Alitazama upande wa banda.

"Mimi, mwalimu mstaafu wa Uru, Moshi," baba akasoma, "nasikitika kutangaza kifo cha baba mkwe wangu wa Kirua Vunjo."

"Mzee," mshereheshaji akamnong'oneza, "leo ni jubilei."

"Amekufa tena?" akapaza sauti mjomba mmoja. "Mbona tulimzika!"

"Kilichotokea miaka arobaini na minane iliyopita," baba akaendelea. "Mazishi yameshafanyika." Watu wakashusha pumzi, ila hakuna aliyekaa. "Habari zimfikie kwanza binti yake wa kwanza." Hapo akasoma jina la mama lote, la ubatizo, la Kichagga alilopewa na bibi yake, na la baba yake, kwa sauti ile aliyoitia wanafunzi mahudhurio. Akalisoma mara ya pili. "Ambaye alikuwepo pale, na yupo hapa, na ndiye nilipaswa kuanza naye. Hakukanwa na baba yake. Alisahauliwa na mumewe."

Mama akakaa.

Baba hakuishia hapo, kwa sababu ni mwalimu na tangazo likianzwa lazima limalizwe. Kaka wa Dar es Salaam. "Alishatangulia," watu wakajibu. Dada wa Arusha. "Yupo!" akasema mwenyewe kutoka meza ya tatu. Shangazi wa Rombo, alishatangulia. Ndugu wa Tanga, popote alipo. Bwana shamba. "Mwisho, habari za kifo cha Maestro wa Ufaransa zimenifikia mimi, zikiwa zimechelewa. Nimejua jinsi inavyouma." Akakunja karatasi, akaiweka mfukoni, akamnyooshea mama mkono. "Naomba tucheze."

Na wimbo ukaisha.

Ni wimbo wa dakika tatu, na tangazo lilikuwa limeula wote. Spika zangu zikabaki zinavuma. Baba alisimama pale na mkono wake hewani na uso wa mtu aliyefika stesheni treni imeondoka.

Mama akafungua mkoba. Alitoa kitambaa, akakikunjua, ndani yake mlikuwa na jani la sale, bado la kijani. Alimwendea baba, akatoa ua la kamati kwenye mfuko wa koti lake, akaliweka sale mahali pake. Kisha akamnyang'anya kipaza sauti.

"Habari zimenifikia," alisema. Halafu akanigeukia mimi. "We fundi. Rudisha mwanzo."

Nikarudisha, vidole vinateleza kwa machozi. Wazee, ambao ndio kwanza walikuwa wanakalia viti, wakasikia wimbo wa vifo wakainuka tena, kofia mikononi. Kwa hiyo wazazi wangu walicheza mbele ya watu wote waliosimama wima kwa majonzi, na bibi wa Kirua Vunjo akatumia nafasi hiyo kumalizia kilio chake. Goti la kulia halikushiriki. Baba alianza kuhesabu mapigo kwa mkono juu, kushoto, kulia, kama yuko mbele ya kwaya.

"Shusha mkono, Mwalimu," mama akamwambia. "Mimi ndiye niko mbele yako."

Baba akaushusha, akautafutia pa kwenda, mwisho akauweka kiunoni kwa mama, mbele ya paroko na sisi sote.